Kasha la Usichana: Kipi Kibaki, Kipi Kiende

Msomaji wetu wa Langoni, Lamu, ameandika hivi: "Assalaam alaykum. Tunaitengeneza nyumba ya marehemu mama na nimeambiwa niondoe vitu vyangu chumba cha juu. Nimefungua kasha nikakuta mambo ya usichana wangu: picha za Salman Khan nilizokuwa nikikata magazetini, daftari la nyimbo za Kihindi, kadi za salamu za redio, kaseti nyingi, picha zilizogandana, barua chache, na kikuba kilichokauka. Binti yangu amecheka hadi machozi. Mume wangu asema vitupwe, vimejaa vumbi na ukungu. Mimi moyo haunipi, lakini pia naona haya, mtu wa umri wangu kushikilia mambo haya. Je, kuna cha maana humo? Na kama kipo, nitakihifadhi vipi na unyevu huu wetu?"

Wa alaykumu salaam, dada yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mama.

Cha maana kipo, tena kingi, ila huenda si kile unachokidhania. Picha za Salman Khan zilichapwa kwa maelfu na maelfu. Hata ukizichoma zote leo, sura yake haitapotea duniani. Lakini daftari uliloliandika kwa mkono wako ni hilo moja tu, halina pacha. Kazi yangu ni kuhifadhi karatasi, picha na kanda za zamani, na kila ninapoletewa kasha kama hilo lako, swali langu la kwanza ni hili: mkono wa mtu u wapi hapa, na sauti ya mtu i wapi? Palipo na mkono au sauti, hapo hatupi mtu. Kilichotoka kiwandani na kikabaki kama kilivyotoka, hicho kinaweza kwenda, na usijilaumu.

Kuhusu haya, nakuomba uiweke kando kabisa. Kuzipenda filamu za Kihindi hakukuwa utoto wako peke yako. Pwani nzima, Lamu, Malindi hadi Mombasa, ilikuwa na sikio hilo. Marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijipatia jina kubwa kwa kuimba mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi, na watu wazima, wake kwa waume, wakikesha arusini kumsikiliza. Hakuna aliyewaambia wanafanya mambo ya kitoto. Wewe ulichukua mahadhi yale yale ukayaweka daftarini. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na jukwaa, nawe ulikuwa na kalamu ya biki.

Hebu lifungue daftari hilo ulitazame kwa karibu. Maneno ya Kihindi umeyaandika kwa herufi zetu, jinsi sikio lako lilivyoyapokea. Naamini utakuta mahali umeyafunga kwa irabu ambayo mwimbaji wa Bombay hakuitamka, kwa sababu ulimi wetu haupendi neno liishie bila irabu. Huenda pembeni uliandika maana uliyoambiwa na jirani, au uliyoikisia kwa kuangalia mwigizaji analia au anacheka. Hiyo ni kumbukumbu ya jinsi msichana wa Amu, yaani Lamu, alivyosikia lugha asiyoijua, na haiko katika maktaba yoyote. Mtu anayechunguza safari ya mahadhi ya Kihindi kuingia katika taarab angekaa na daftari hilo kutwa nzima, akilinganisha wimbo kwa wimbo. Wewe unaliona limechakaa, mimi naliona ndilo la kwanza kuokolewa.

Na adui wake yumo ndani yake mwenyewe, nayo ni ile pini ya katikati. Kwa hewa yetu ya chumvi pini za madaftari hushika kutu mapema, na kutu hiyo huila karatasi pale kwenye mkunjo mpaka kurasa zinakatika. Ligeuze daftari, inua miguu ya pini polepole kwa ncha ya kisu butu, itoe, kisha shona kurasa kwa uzi wa pamba ukipitisha sindano katika matundu yale yale ya zamani. Usivute uzi kwa nguvu. Usilipeleke kwa mtu wa kujalidi alibane kwa gundi na pini mpya, maana baada ya miaka michache utarudi palepale.

Kabla hujafika huko, ngoja wakati. Kama mmeingia masika, au mko katikati ya mvua, funika kasha lako na usilipekue. Ukungu huanza kuota vizuri hewa inapopita unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na hewa ya Lamu hupita hapo siku nyingi sana za mwaka. Wakati mzuri ni kaskazi iliyotulia, Januari na Februari, mchana, upepo ukiwa mkavu. Kama nyumba inatengenezwa sasa na huna subira hiyo, basi angalau fanya kazi saa za adhuhuri chumba cha ghorofani chenye madirisha wazi, si chini kabisa ambako kuta za mawe ya matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa ndani ya nyumba.

Siku ya kulifungua, kwanza piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu, tabaka kwa tabaka. Mpangilio wenyewe ni habari. Barua iliyolazwa ndani ya daftari haikuingia humo kwa bahati, na ukishaitoa bila kuandika ilikuwa ukurasa gani, hutakumbuka.

Vitu vyenye ukungu vitandaze kivulini vipigwe na upepo mpaka ukungu ukauke. Ukiusugua ungali mbichi, unaupaka ndani zaidi. Ukishakauka, upanguse kwa brashi laini ya rangi, nje, mgongo ukiupa upepo, pua na mdomo umevifunika. Mwenye pumu asiwepo karibu. Na tafadhali usianike juani. Najua ndivyo tulivyolelewa, kila kilichopata unyevu huanikwa juani, lakini wino wa biki na rangi za picha hupauka kwa jua, na hazirudi tena.

Picha za magazeti nitazipitia haraka. Karatasi ya gazeti ina asidi ndani yake tangu siku ya kwanza, ndiyo maana inageuka manjano na kuvunjika ukiikunja, na asidi hiyo huhamia kwenye karatasi njema zilizolala nayo. Zitenge. Chagua chache zenye alama yako: tundu la msumari uliotundikia ukutani, jina uliloandika nyuma, duara la moyo ulilochora. Hizo zipige picha au fotokopi, kisha zilaze katika bahasha yao peke yake. Selotepu iliyokauka usiibandue, itaondoka na uso wa picha. Usizipige lamineti hata ukishauriwa na mwenye duka, kwani lamineti haitolewi tena bila kuiharibu karatasi. Zilizobaki ziache ziende.

Zina faida moja ndogo kabla ya kwenda: husaidia kujua miaka. Salman Khan alivuma mwaka 1989, na Shah Rukh Khan alianza kuonekana katika filamu mwaka 1992. Kwa hiyo picha iliyobandikwa ukurasa fulani wa daftari inakuambia haikubandikwa hapo kabla ya mwaka huo. Kadi za salamu nazo zisome hivyo hivyo. Sauti ya Kenya, redio ya taifa, iligeuka KBC mwaka 1989, basi kadi iliyochapwa jina la Sauti ya Kenya ni ya kabla ya mageuzi hayo. Ukikuta nyingi za namna hiyo, uliza katika familia, huenda zilikuwa za kaka au dada mkubwa zikaishia kwako. Na kadi za salamu usizitupe hata moja iliyojazwa. Majina yale yaliyopangwa, fulani wa Shela, fulani wa Matondoni, fulani aliyeko Malindi, ni ramani ya watu waliokuwa wakipendana na kukumbukana. Wengine leo hawapo.

Picha zilizogandana zinatisha zaidi kuliko zilivyo. Picha zilizosafishwa studio kutoka kwenye filamu ya kamera uso wake ni jelatini, na jelatini hulainika majini. Ziloweke katika maji safi ya baridi na usizivute. Ziache nusu saa, saa moja, hata zaidi, mpaka zianze kuachana zenyewe. Maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi, kwa hiyo tumia ya chupa au ya mvua yaliyochujwa. Anza na ile usiyoijali sana uone inavyokubali. Kama nyuma pameandikwa kwa wino, piga picha maandishi kwanza, maana yatayeyuka. Zikitoka zilaze kivulini, uso juu, juu ya kitambaa safi. Picha za papo kwa papo, zile zilizotoka zenyewe kwenye kamera, na picha zilizotolewa kwa printa ya kompyuta usizitie majini kabisa. Majina ya waliomo andika kwa penseli laini nyuma, na penseli isiposhika, andika kwenye bahasha.

Sasa tuje kwenye kaseti. Hapa nakuomba uwe mkali na mtu yeyote anayesema zitupwe kwa sababu "nyimbo hizo zote ziko kwenye simu".

Zichukue moja moja utazame ukingo wa juu, upande usio na uwazi wa ukanda. Kaseti iliyouzwa dukani ikiwa imesharekodiwa haina vile vijimeno viwili vya plastiki pembeni, ili isiweze kurekodiwa tena. Sasa tafuta kaseti ya dukani ambayo matundu hayo yamezibwa kwa selotepu au kwa karatasi iliyokunjwa. Ukiipata, umepata kaseti ambayo mtu wa nyumbani kwenu aliamua kurekodi juu yake kitu alichokiona bora kuliko taarab aliyoinunua. Hiyo ndiyo ya kusikilizwa mwanzo. Katika nyumba zetu kaseti moja iliishi maisha kadhaa: ilinunuliwa ikiwa na nyimbo, ikarekodiwa redio juu yake, kisha ikaja arusi, au ikawa barua. Walioenda Uarabuni kutafuta maisha walikuwa wakituma salamu kwa kaseti, na nyumbani wakijibiwa kwa kaseti, bibi akiitwa naye aseme neno. Inawezekana kabisa sauti ya mama yako imo humo, baada ya nyimbo mbili za filamu, upande wa pili, karibu na mwisho. Kwa hiyo sikiliza hadi mwisho wa kila upande, hata penye kimya.

Zile zilizobaki na vijimeno vyake, vivunje sasa hivi, kabla hujafanya jingine, ili kidole cha mtoto kisije kikabonyeza kitufe cha kurekodi. Tazama kwenye kidirisha: ukiona unga mweupe kama utando kwenye kingo za ukanda, huo ni ukungu. Usiicheze. Itachafua kichwa cha redio, kile kinachousoma ukanda, na redio itaambukiza kaseti zote zinazofuata. Itie mfuko wake na uitenge kwa ajili ya fundi. Iliyo safi usiicheze papo hapo, ipeleke mbele hadi mwisho kisha uirudishe, maana ukanda uliolala miaka mingi hushikamana na kukaa vibaya. Pale mbele katikati kuna kipande kidogo cha sufi juu ya bati jembamba, kinachousukuma ukanda ugusane na kichwa. Gundi yake hukauka, nacho hudondoka. Kaseti ikitoa sauti ya mbali iliyofifia, mara nyingi kosa ni hilo tu, wala sauti haijafutika. Kama kaseti imefungwa kwa skrubu tano, fundi anaweza kuhamisha ukanda wote kwenye ganda jingine lililo zima. Kama ganda limebanwa kwa kuyeyushwa, kulifungua ni kulivunja, basi asiye mzoefu asijaribu. Zenye maandishi C-120 zishughulikie kwa tahadhari kuliko zote. Ukanda wake ni mwembamba sana, hutafunwa upesi.

Kuzihamisha huhitaji mitambo ya ajabu. Waya unaotoka tundu la hedifoni la redio kaseti hadi kwenye kompyuta, na programu ya bure kama Audacity, vinatosha. Rekodi kwa WAV, aina ya faili isiyopunguza sauti, si MP3 inayoibana, hata kama faili ni kubwa. Kaseti ya dakika 60 itachukua kiasi cha megabaiti 600. Usiisafishe sauti, usiondoe mvumo, usikate kikohozi cha mtu wala adhana iliyoingia kutoka msikitini. Hiyo ndiyo nyumba yenu ikisikika. Weka nakala mbili sehemu mbili, moja kwako na moja kwa ndugu aliye Mombasa au popote, wala usitegemee simu peke yake. Na kaseti yenyewe usiitupe baada ya kuihamisha.

Neno moja zaidi kuhusu taarab. Ukikuta lebo au muhuri wa Mbwana Radio Service ya Mombasa, hiyo ni kaseti ya duka lililorekodi na kuuza taarab nyingi ya pwani, na pengine nakala nyingine zipo. Lakini ukikuta imeandikwa kwa mkono tu, mathalani "arusi" na jina la mtaa, fahamu kwamba mtu aliweka redio yake karibu na jukwaa akarekodi. Zein l'Abdin, mpigaji udi mkubwa aliyezaliwa Lamu mwaka 1939, alipigia watu arusi miaka mingi, na aliyoyapiga usiku wa arusi hayakuwa lazima yale aliyoyauza. Nakala ya namna hiyo inaweza kuwa ya pekee. Ukiipata na ukapenda, wazungumze na jumba la makumbusho la Lamu, lililo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, uwape nakala na si kaseti yako.

Barua. Hukusema ni za nani, nami sitauliza. Kama ni za kijana aliyekupenda kabla ya ndoa, ni za watu wawili, na mmoja wao hayupo hapo kujitetea. Usimsomee binti yako kwa sauti, usipige picha ukatuma kwenye kundi la WhatsApp la familia, hata kwa mapenzi. Kuziweka ni haki yako. Kuzichoma pia ni haki yako, na sitakushutumu. Ninachokuomba ni kwamba usiamue wiki hii, nyumba ikiwa imepinduliwa na msiba wa mama ungali moyoni. Zilaze wazi bila kukunja, pamoja na bahasha zake, na bahasha usizibandue stempu, kwani muhuri wa posta ndio ushahidi wa tarehe. Zitie zote katika bahasha kubwa, ifunge, andika jina lako juu. Ikipita kaskazi nyingine na bado unataka ziondoke, ziondoe.

Kikuba hicho, asumini na mrehani vikiwa vimekauka, kina mafuta yanayotia madoa ya kahawia na kina vidudu vinavyokipenda. Kifunge katika kitambaa, kiweke mbali na karatasi. Usikitupe kama unamkumbuka aliyekutengenezea.

Kuweka vitu vyote: kasha lenyewe ni zuri, lirudishie kazi yake. Litandike ndani kwa bafta, kitambaa chepesi cha pamba, iliyofuliwa bila wanga, kwa sababu mbao hutoa asidi yake na wanga huita mende. Liinue juu ya vigae kulikinga na mchwa, uliache na ukuta kiasi cha shubiri moja hewa ipite. Naftalini usitie: harufu yake si salama kwa watu wanaolala chumba hicho, nayo hulainisha plastiki, na kaseti ni plastiki. Kufukiza kwa udi fukiza nguo, si kasha hili. Moshi wake una mafuta yanayotua juu ya picha na kunasa vumbi. Vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu havina kazi ndani ya kasha linalopitisha hewa, siku chache tu huwa vimeshiba unyevu. Kaseti zisimamishwe wima, mbali na spika yoyote kwa sababu ya sumaku. Daftari au barua zikiwa na wadudu, zifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa uziweke kwenye friza kali wiki mbili, kisha uziache zirudi joto la kawaida mfuko ukiwa bado umefungwa, siku nzima. Kaseti na picha usizigandishe.

Binti yako aliyecheka mpe kazi. Aketi nawe mkisikiliza, yeye ndiye aandike: kaseti ipi, upande upi, dakika ya ngapi, nani anasema. Atakuuliza watu ambao hakuwahi kuwasikia, nawe utawajua kwa sauti. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mimi wala na makumbusho yoyote, maana sisi tutasikia mwanamke anacheka nyuma ya wimbo, wewe utasikia ni mama mdogo. Mumeo naye, mwonyeshe lile rundo la magazeti linalokwenda. Ataona chumba kinapungua, nawe hujapoteza kitu.

Anza na kaseti yenye selotepu. Kama redio kaseti haipo nyumbani, waulize mafundi wa redio hapo mjini kabla ya kuagiza ya mtumba. Utakayoipata, safisha kichwa na kigurudumu chake cha mpira kwa pamba iliyotiwa spiriti kidogo, uijaribu kwanza kwa kaseti isiyo na thamani kwako, uhakikishe haitafuni ukanda. Ikicheza pande zote mbili bila kukwama, ndipo uitie ya nyumbani.